Muulize Shangazi: Baridi, Kitenge na Mtoko wa Mwisho wa Wiki

Mwezi huu barua zimefika nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zimepitiwa na uzi mmoja, nao ni baridi. Ni msimu wake. Mahindi yamekwisha kuvunwa, kadi za michango zimeanza kufuatana, na hapa Mbeya mtu akifungua mlango alfajiri pumzi yake inamtangulia nje kama moshi wa jiko la kuni. Nimechagua barua saba. Zilizohitaji maneno mengi nimezipa maneno mengi, na waandishi wa zile fupi wasinune, kwa kuwa majibu yake nayo ni mafupi.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimehamishiwa Mbeya kikazi mwezi wa tano nikitokea Dar es Salaam. Kabati langu lote ni magauni ya mikono mifupi, blauzi nyepesi na viatu vya wazi. Kazini navaa sweta moja la kijivu kila siku, hadi wenzangu wameanza kuniita "Dada Sweta". Nikivaa jaketi kubwa naonekana kama mlinzi wa zamu ya usiku, na mchana jua likiwaka nalibeba mkononi. Nifanyeje nipendeze bila kuganda? (Mgeni wa Forest Mpya, Mbeya)

JIBU: Marahaba binti yangu, na karibu Mbeya. Wageni wengi hukosea kwa kudhani kwamba baridi ya hapa ni moja tangu asubuhi hadi usiku, wakanunua vazi moja zito la kupambana nayo. Jiji hili liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, ilhali saa saba mchana, mawingu yakiwa hayapo, utajikuta unatafuta kivuli cha duka. Vazi la kufaa ni lile unaloweza kulipunguza kidogo kidogo kadiri siku inavyopanda, kisha ukalirudisha mwilini jua linapozama, pasipo kugeuka mchukuzi wa nguo zako mwenyewe.

Anza na fulana ya pamba ya mikono mirefu inayobana mwili, uivae chini ya blauzi zako zile zile za Dar es Salaam. Hakuna atakayeiona, nayo ndiyo itakayofanya kazi kubwa, kwa sababu hewa inayonaswa kati ya nguo na nguo hutunza joto la mwili kuliko unene wa nguo moja. Juu yake weka sweta jepesi la vifungo. Lile la kuvalia kichwani litakuvuruga nywele kila unapolivua saa nne asubuhi, na nywele za kusukwa kwa nusu siku si za kuchezewa. Koti liwe la mwisho, lifike magotini, na lishikwe kiunoni. Koti lenye kiuno halifanani na la mlinzi. Magauni yako ya mikono mifupi usiyagawe. Yavalie taiti nzito na buti za kifundoni, nayo yatakuwa mapya kabisa machoni pa watu wa Mbeya ambao hawajakuona nayo.

Koti zuri si lazima litoke dukani. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006 likajengwa upya, na wauza mitumba wa eneo lile wanaijua baridi ya mji wao, hivyo makoti ya sufu hayakosekani. Muulize muuzaji ni siku gani anafungua robota, ufike mapema siku hiyo. Usilipende koti kabla hujalitoa nje kwenye mwanga. Ligeuze ndani nje, utazame makwapani na kwenye kola, panapochakaa kwanza. Ingiza mkono katika kila mfuko, kwa maana mfuko uliotoboka umemeza simu za wengi. Pandisha na ushushe zipu mara mbili. Kisha linyanyue lielekee jua, na kama limetobolewa na nondo utaona vitundu vinang'aa kama nyota. Likiwa zima lakini pana, mpelekee fundi alipunguze kiunoni na kubadilisha vifungo. Mimi ninalo moja la rangi ya damu ya mzee nililolipata hivyo, na kila nikilivaa naulizwa nimeagiza wapi. Sijibu.

Jambo moja usilolinunua kwenye mitumba ni nguo za ndani, ambazo Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku ijapokuwa bado zinaning'inizwa hadharani. Jambo jingine ni jua. Wasichana wa pwani wakifika huku huacha kujikinga kwa kuwa hawasikii joto, lakini miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 katika kila mita 1,000 unazopanda, na hewa kavu ya kiangazi inamalizia kazi. Utaliona kwanza kwenye midomo na kwenye pua. Beba mafuta ya mgando ya midomo kwenye mkoba, na usoni upake mafuta ya kukinga jua kabla ya kutoka, hata siku unayotetemeka.

Kuhusu jina la Dada Sweta: nunua masweta mawili zaidi, moja la manjano ya haradali na jingine la kijani, na jina litakufa lenyewe.

SWALI: Shangazi shikamoo. Nilinunua kitenge cha maua ya zambarau, nikampelekea fundi picha ya mshono niliyoitoa kwenye simu. Gauni limerudi linabana kifuani na limelegea kiunoni, na baada ya kulifua mara moja limepanda juu ya magoti na rangi imeingia kwenye kola nyeupe. Fundi anasema kosa ni la kitambaa, muuzaji anasema kosa ni la fundi. Nani mkweli? (Mwalimu wa Uyole)

JIBU: Marahaba mwalimu. Wote wawili ni wakweli, na kosa la tatu ni lako, utanisamehe.

Tuanze na kitambaa. Kitenge tunachokiita chetu kimetoka safari ndefu: Waholanzi waliiga kwa mashine batiki za kisiwa cha Java zilizotengenezwa kwa nta, na kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, ambayo ilianzishwa mwaka 1846, bado inachapa vitambaa hivyo hadi leo. Ndiyo maana muuzaji atakuuliza kama unataka waksi au java bila kufikiri kwamba moja ni nta na jingine ni kisiwa. Sokoni siku hizi maneno hayo yanabandikwa kwenye kitambaa chochote, kwa hiyo amini macho na vidole vyako. Geuza kitenge utazame upande wa nyuma: waksi halisi rangi yake ni karibu sawa pande zote mbili, ilhali cha kuchapwa upande mmoja kimepauka nyuma. Kisha omba kipande kidogo cha uzi kutoka pindoni, ukiwashie kiberiti ukiwa nje ya duka. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa plastiki unajikunja, unayeyuka, na kuacha kijipunje kigumu. Wauzaji wazoefu hawakasiriki ukifanya hivyo. Anayekasirika umekwisha kupata jibu lake.

Ukikifikisha nyumbani, usikimbilie kwa fundi. Kiloweke usiku mmoja katika maji baridi, kisuuze hadi maji yatoke meupe, kikauke kivulini, ukipige pasi. Pamba hunywea kwenye maji ya kwanza, na ni heri inywee ikiwa bado kitambaa kuliko ikishakuwa gauni. Hapo ndipo magoti yako yalipoponyokea. Kola nyeupe nayo isingeingiwa na zambarau kama zambarau hiyo ingekwisha kutema rangi yake ya ziada kwenye beseni.

Sasa fundi. Picha ya simu inaonyesha mwili wa mtu mwingine, kitambaa kingine, na mara nyingi pini nyingi mgongoni ambazo mpiga picha hakuzionyesha. Mpelekee fundi picha, lakini pamoja nayo mpelekee gauni lako la zamani linalokukaa vizuri, uliache hapo kama kielelezo. Mwambie aache kitambaa cha akiba ndani ya mishono ya ubavuni. Na kabla hajamalizia, rudi ulijaribu likiwa limeshikwa kwa mishono mirefu ya mkono. Ukiona fundi anakataa hatua hiyo kwa kuwa ana kazi nyingi, chukua kitambaa chako, maana anakuambia mapema jinsi mambo yatakavyokuwa. Katika mji wetu omba pia bitana. Gauni la kitenge lisilo na bitana huganda kwenye taiti unapotembea, na upepo wa jioni unalipita kama chujio.

Nakuambia haya kwa sababu yalinipata. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa fundi mmoja, jina lake nalihifadhi, kitenge cha ndege wakubwa wa bluu wanaoruka kwenda juu. Hakutazama mwelekeo wa picha alipokuwa akikata. Nilipolivaa gauni mbele ya kioo, ndege wa upande wa kulia walikuwa wanapaa na wa upande wa kushoto walikuwa wanaanguka vichwa chini, na katikati, tumboni pangu, wakagongana. Nililivaa siku moja tu, kwenye mkutano wa ukoo, na mjomba wangu alisimama akanizunguka taratibu bila kusema neno. Tangu siku hiyo kitenge chenye picha inayosimama nakipeleka kikiwa na mshale wa chaki upande wa nyuma, na ninanunua yadi moja zaidi, kwa sababu kulinganisha picha kunakula kitambaa.

Gauni lako lisitupwe. Kifua kikiwa na akiba kitafunguliwa. Kikiwa hakina, likatwe kiunoni, sehemu ya chini iwe sketi fupi ya kuvaliwa na taiti nyeusi na sweta, na kola ile iliyochafuka itolewe kabisa.

SWALI: Shangazi, mwezi huu nina sendofu mbili na kicheni pati moja, zote za watu wa karibu, na kila moja ina sare yake. Kitambaa na ushonaji wa sare moja ni kama shilingi 70,000, bado mchango, bado zawadi, bado nywele. Mshahara wangu hauwezi. Nikikataa nitaambiwa naringa. (Mhasibu wa Soweto, Mbeya)

JIBU: Piga hesabu na mimi. Sare tatu kwa 70,000 ni 210,000 kabla hujasuka nywele wala kupanda bajaji, na kwa wengi wa rika lako hiyo ni kodi ya chumba. Kamati za sherehe hazifanyi hesabu hiyo kwa sababu kila kamati inaona sherehe moja tu, yake. Wewe peke yako ndiye unayeziona zote tatu.

Kwa hiyo zipange. Yupo mmoja kati ya hao watatu ambaye ukimkosea utaumia mwenyewe usiku. Kwake toa mchango na sare kamili. Kwa wa pili toa mchango, kisha mpigie mwenyekiti wa kamati simu, usimwandikie ujumbe, umwombe kwa heshima uvae nguo yako yenye rangi ya sare na kilemba tu cha kitambaa chao. Kipande cha kilemba ni pesa ndogo, na kwenye picha ya pamoja, ukiwa mstari wa nyuma, kinachoonekana ni kichwa. Kwa wa tatu toa mchango na mikono yako: nenda mapema ukapambe, ukapange viti, ukagawe chakula. Sijawahi kuona mtu aliyebeba masufuria ya pilau akaambiwa anaringa.

Hiyo sare moja utakayoshona, ishone vipande viwili, blauzi na sketi, badala ya gauni refu la kuburuza. Gauni la sare lina maisha ya usiku mmoja, kwa kuwa kila aliyekuwepo analikumbuka, lakini sketi yake ukiivalia shati jeupe Jumatatu hakuna anayeitambua. Na kwa kuwa sherehe za huku hujazana wakati wa kiangazi baada ya mavuno, yaani wakati wa baridi yenyewe, sielewi ni nani aliyewaambia mafundi wetu kwamba mgongo wazi ni mshono wa Julai. Nimekaa kwenye kumbi ambamo wapambe wote walikuwa wazuri hadi saa mbili usiku, na kufikia saa nne wote walikuwa wamejifunika makoti ya kaka zao. Mwombe fundi akushonee kikoti kifupi cha kitambaa kile kile. Kitakula nusu yadi au zaidi kidogo, na utapigwa picha za mwisho wa sherehe ukiwa bado umependeza.

SWALI: Je, ni vibaya kuvaa raba na gauni? Natembea kutoka nyumbani hadi kituoni, na njia yetu kiangazi ni vumbi, masika ni tope. (Wa Ilomba)

JIBU: Si vibaya. Raba nyeupe na gauni la kitenge vinakaa pamoja vizuri kuliko viatu vya mchuchumio vilivyotapakaa tope. Hivyo vya mchuchumio viweke kwenye mkoba wako ndani ya mfuko wa kitambaa, ubadilishe ukifika. Tope liache likauke kabisa kabla ya kulipiga brashi. Ukilifuta bichi unalisukumia ndani ya mishono.

SWALI: Sisi ni wasichana watano, wote tunafanya kazi Mbeya mjini. Tumechoka mitoko ya kukaa baa kusikiliza muziki mkubwa na kupiga picha za soda. Tuna Jumamosi na Jumapili moja mwezi huu. Wengine wanataka Kitulo kuona maua, wengine Ziwa Ngozi, wengine Matema. Tuamulie, na utuambie tuvae nini. (Watano wa Mbeya)

JIBU: Kitulo mwezi huu hapana. Watu wa huko wanaiita Bustani ya Mungu, na ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 ilikuwa kwa ajili ya maua hayo, lakini maua yanafuata mvua: nendeni kati ya Desemba na Aprili. Sasa hivi mtakuta nyasi kavu na upepo wa juu ya mita 2,500 utakaowapasua midomo. Mkienda wakati wake mkapitia Chimala, anayeumwa gari akae mbele, maana mlima ule kona zake ndizo zilizoupa jina la Hamsini na Saba. Na maua msichume. Baadhi yake ni okidi, ambazo viazi vyake vilichimbwa kwa miaka mingi na kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, na uchimbaji huo ni mojawapo ya sababu za eneo kuwekwa chini ya ulinzi.

Ngozi ni mtoko wa siku moja, kandokando ya barabara ya Tukuyu, na ni wa kupanda msituni kwa saa moja hadi mbili hadi kwenye ukingo wa kreta, mkiwa na mtu wa kuwaongoza. Uhifadhini kwa Jumamosi nyingine. Mtavaa suruali ndefu na viatu vyenye meno, na kichwani mfunge kitambaa, kwa sababu msitu ule una unyevu mwaka mzima na matone yake hayajali nani ametoka saluni jana.

Kwa siku mbili, nendeni Matema. Uzuri wa safari hiyo ni kwamba mtapita hali za hewa tatu kwa asubuhi moja. Uyole mtapanda gari mkiwa na makoti. Kwenye migomba na mashamba ya chai ya Tukuyu, ambako mvua haina adabu ya msimu, mtafungua vifungo. Mkishuka kuelekea Ipinda joto litaingia dirishani kama mtu aliyefungua chungu, na mtaanza kuvuana masweta, kwa kuwa ufuko wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500, zaidi ya kilomita moja wima chini ya vitanda mlivyoamkia. Kwa hiyo ndani ya makoti hayo muwe mmevaa dera au gauni la solo la pamba, na kandambili ziwe juu kabisa ya begi, si chini. Kanga mbili kwa kila mtu zinatosha kazi zote: kujifunga baada ya kuoga ziwani, kukalia mchangani, kujifunika kwenye gari wakati wa kurudi. Jioni vaeni mikono mirefu na mjipake dawa ya mbu. Wasichana wa Mbeya husahau mbu kwa sababu ya baridi yao, kisha wiki mbili baadaye wanaomba ruhusa kazini. Na kabla ya kuingia majini waulizeni wenyeji ni wapi pa kuogea, kwani mamba nao wana sehemu zao.

Jumamosi mkifika mapema, nendeni kwa miguu hadi soko la Lyulilo, ambako kinamama wa Kikisi huleta vyungu vyao. Gongeni chungu kwa ukucha kabla ya kununua: kizima kinalia kama kengele ndogo, chenye ufa kinajibu kwa sauti ya kukaukwa. Kifungeni kwenye yale makoti mliyoyavua. Chakula chenu kiwe mbasa, samaki wa ziwa hilo, aliyebanikwa, na wali wa Kyela. Mjini mchele wa Kyela ni jina linaloandikwa kwenye kila gunia. Kule, kifuniko cha sufuria kikiinuliwa, harufu itawaambia wenyewe kwamba mjini mlikuwa mnadanganywa. Mleni kwa mikono. Mbasa ana miiba, na uma hauna hisia za kuitambua.

SWALI: Katika kundi letu la marafiki wanne, mmoja ni Mwislamu. Sisi watatu tunapenda kitimoto na ndizi, naye husema "nendeni tu, nitakunywa soda". Ni sawa? (Binti wa Kabwe)

JIBU: Si sawa, hata kama yeye anasema ni sawa. Mtu anayekaa na soda kwenye meza ya kitimoto hajaalikwa, amevumilia tu, na iko siku ataanza kuwa na udhuru kila mnapompigia. Kitimoto fanyeni siku yenu watatu, bila kumficha. Mkiwa wanne, nendeni penye samaki au penye kuku ambaye mna uhakika amechinjwa kihalali, na ulizeni bila haya kama mafuta na majiko yanatenganishwa, kwa sababu kuletewa chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya nguruwe ni kumkosea vile vile. Akichagua yeye mahali mara moja kati ya mara mbili, mtashangaa ni vyakula vingapi vya mji huu hamjavionja.

SWALI: Kamwene Shangazi. Mimi niko Iringa, nimemaliza chuo mwaka jana na nina kazi. Napenda kwenda kula mahali pazuri Jumamosi, lakini marafiki zangu wameolewa au wamehama. Nikiingia peke yangu wahudumu wananiuliza "unamsubiri nani?", na wanaume wa meza za jirani wanadhani nimekuja kutafutwa. Je, binti kula peke yake ni aibu? Na nibebe mkoba gani, kwani wangu wa ngozi bandia umebanduka wote? (Wa Gangilonga)

JIBU: Kamwene binti yangu. Aibu haimo kwenye kula peke yako, imo kwenye swali la huyo mhudumu. Mjibu kwa tabasamu, "Nasubiri chakula," kisha uagize mara moja, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuagiza haulizwi tena. Nenda mchana, saa saba hadi saa tisa, badala ya jioni. Kaa kwenye meza ya ukutani au ya dirishani inayokupa mgongo uliokingwa na macho yanayoona mlango. Beba kitu cha kusoma. Simu haitoshi, maana mtu mwenye simu anaonekana anasubiri, ilhali mwenye gazeti au kitabu anaonekana amefika. Soda "iliyolipiwa na yule bwana pale" irudishe kwa shukrani kabla haijafunguliwa.

Mji wako una mkahawa ambao ningekuwa na binti wa umri wako ningemwanzishia hapo: ule wa Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, ambao mafundi na wahudumu wake ni watu wenye ulemavu. Wengi wa wahudumu wa mkahawa ni viziwi. Unaandika agizo lako kwenye karatasi, au unajifunza ishara mbili tatu za mikono, na hakuna anayekuuliza unamsubiri nani. Mara ya kwanza nilipokwenda niliandika "chai" kwa mwandiko wangu mbaya, dada aliyenihudumia akaisoma, akacheka kwa mabega, akanionyesha ishara yake, nikairudia hadi akaridhika. Ukimaliza kula, tazama wanavyofuma, na wanavyotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, ambayo haina harufu yoyote, usiogope.

Kuhusu mkoba, wewe unakaa Iringa unaniuliza mimi wa Mbeya? Mkoba wako umetundikwa sokoni kwenu. Vikapu vya milulu wanavyosuka kinamama wa Kihehe vinauzwa mpaka ng'ambo, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tumekuwa tukivibeba sokoni bila kuona kwamba ni vizuri kuliko mikoba tunayoinunua. Chagua kisichozidi upana wa kiuno chako. Kibonyeze kwa vidole gumba: kilichosukwa vizuri kinarudi, kilicholegea kinabaki na shimo. Mpelekee fundi viatu akufungie mikanda ya ngozi halisi ili ukivae begani, na fundi nguo akutilie bitana ya kitenge yenye mfuko wa zipu kwa ajili ya simu na pesa, kwa kuwa kikapu kilicho wazi ni mwaliko. Kikilowa usikianike juani, kijaze magazeti ya zamani ukiweke kivulini kikauke kikiwa na umbo lake.